UZI: Michanganyiko mitatu ya kuoka nyumbani, ya sukari na ya chumvi

#1 MizaniKwanza

Wadau, habari za wakati huu. Uzi huu ni wa wapishi wa kila siku, wale wanaooka kwa ajili ya chai ya asubuhi au chakula cha jioni, si kwa biashara. Mapishi ya kuoka ni mengi mno, lakini mengi yametoka kwenye michanganyiko mitatu tu: rojo la kuchanganya upesi kwa beking pauda, unga uliofikichwa na siagi baridi, na unga wa hamira. Kila mmoja unaweza kwenda upande wa sukari au upande wa chumvi. Ukishaielewa hii mitatu, hutahitaji kusaka maelekezo mapya kila unapotaka kuwasha oveni.

Kabla ya vipimo, kuna jambo moja ambalo wengi hulipita. Sukari haiko pale kwa ajili ya utamu peke yake. Inashika maji ili kitu kisikauke, inachelewesha yai na unga kuganda ili rojo lipate muda wa kupanda, na inatia rangi ya kahawia. Kwa hiyo ukichukua mapishi ya vikeki, ukatoa sukari, ukatia jibini na kuacha mengine yalivyo, utapata vitu vikavu, vizito na vyeupe. Nafasi ya sukari lazima ijazwe kwa unyevu na mafuta, na moto upandishwe kidogo.

Rojo la msingi, vikeki 12:

- unga wa ngano gramu 250
- beking pauda vijiko vya chai 2½
- chumvi kijiko cha chai ¼
- sukari gramu 120
- mayai 2
- maziwa mililita 200
- mafuta ya kula mililita 100

Upande wa chumvi: sukari ishuke hadi kijiko cha chai 1, ongeza jibini ngumu iliyokwaruzwa gramu 120, maziwa yapande hadi mililita 230, chumvi iwe kijiko cha chai ½ tu kwa sababu jibini ina chumvi yake. Joto la vikeki vya sukari ni nyuzi 190, vya jibini nyuzi 200, dakika 18 hadi 22 kwa vyote.

Vikavu bakuli lake, vya majimaji bakuli lake. Mimina majimaji juu ya unga, geuza kwa mwiko mara 12 hadi 15, acha. Mabonge madogo ya unga yabaki, yataisha yenyewe kwenye moto. Ukiendelea kukoroga hadi rojo liwe laini kabisa, utando wa unga unakaza. Matokeo yake ni vikeki vyenye vilele vilivyochongoka na mashimo marefu ya wima ndani.

Na tafadhali, tumieni mizani. Kikombe cha mililita 250 kilichojazwa kwa kijiko na kusawazishwa kwa kisu kinabeba unga wa gramu 130 hivi. Kikombe hichohicho kikizamishwa kwenye mfuko kinaweza kubeba zaidi ya 150. Kwa vikombe viwili umeshazidisha gramu 40, na hapo ndipo lawama humwangukia aliyeandika mapishi.

---

#2 Chai_Saa_Kumi

Asante mkuu, hili la sukari limeeleweka. Swali: nikitumia mtindi badala ya maziwa, beking soda ni lazima? Na kiasi gani?

---

#3 MizaniKwanza

Si lazima, ila inasaidia. Soda inahitaji asidi ili itoe gesi: mtindi, ndimu, siki. Beking pauda ina asidi yake tayari, inangoja unyevu na joto. Kwa kila mililita 120 za mtindi tia soda kijiko cha chai ¼, kisha punguza beking pauda kijiko 1, kwa kuwa soda ina nguvu mara tatu au nne zaidi. Ukitia soda bila asidi ya kutosha, inabaki haijatumika. Utaijua kwa ladha ya sabuni na rangi ya kahawia isiyo ya kawaida ndani ya keki.

Rojo lenye soda lisingoje. Gesi huanza kutoka mara tu soda inapokutana na mtindi, kwa hiyo oveni iwe ya moto tayari.

Kupima kama bado zina nguvu: kijiko cha chai cha beking pauda kwenye maji ya moto robo kikombe kitoe povu kwa kishindo. Soda ijaribu kwa siki. Povu likiwa dhaifu, usiitumie.

---

#4 Mama Siagi

Nashukuru uzi umeanza na mizani. Naongezea keki ya siagi, kwa sababu hiyo haichanganywi kwa njia ya #1 na watu huzichanganya.

Kanuni ni uzito sawa. Pima mayai 4 bila maganda, tuseme yametoka gramu 200. Basi siagi 200, sukari 200, unga 200, beking pauda vijiko vya chai 1½, maziwa vijiko vikubwa 2. Inatosha vyombo viwili vya duara vya sentimita 18 hadi 20, nyuzi 180, dakika 25. Ukitumia chombo kimoja kirefu, shusha hadi nyuzi 160 na uoke dakika 50 hadi 60.

Kazi yote iko kwenye siagi. Iwe laini kiasi cha kidole kuacha alama, lakini isiwe inang'aa wala kuyeyuka. Siagi iliyoyeyuka haishiki hewa, na ile hewa unayoipiga humo na sukari kwa dakika 4 au 5 ndiyo inayotanuka ndani ya oveni. Beking pauda hupanua vipovu vilivyopo. Haiwezi kutengeneza vipya. Rangi ikishapauka kabisa, tia yai mojamoja, piga hadi lipotelee. Mayai yawe na joto la jikoni. Yakitoka kwenye friji, siagi hujikunja na rojo hukatika vipande vipande. Likikatika, tia kijiko kikubwa cha unga, piga kidogo, litashikana. Unga utie mwisho, kwa mkono, si kwa mashine.

---

#5 Kijiko_cha_Mbao

Dada Mama Siagi, keki kushuka katikati husababishwa na nini hasa? Kila mtu ana jibu lake. Wengine wanasema kufungua oveni, wengine beking pauda kidogo.

---

#6 Mama Siagi

Beking pauda kidogo haishushi keki, huifanya tu isipande. Ikizidi ndiyo inashusha: vipovu vinakua vikubwa, vinapasuka kabla ukuta wa keki haujaganda, keki inainuka vizuri kisha inabonyea. Kijiko cha chai 1 kwa kila gramu 125 za unga kinatosha, na kwa keki ya siagi hata pungufu yake.

Sababu ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo ya kawaida zaidi, ni keki kutolewa kabla haijaiva katikati. Juu imeshapata rangi, mtu anaitoa. Choma kijiti katikati kabisa, si pembeni: kitoke kikavu au na chembe chache kavu. Keki iliyoiva pia huanza kujitenga na kingo za chombo, na ukiibonyeza kwa kidole inarudi.

Kufungua oveni kuna madhara katika theluthi mbili za mwanzo. Kwa keki ya dakika 30, usifungue kabla ya dakika ya 20.

Ikipasuka juu na kuwa na kilima, moto umezidi au chombo ni kidogo: kingo zimeganda mapema, katikati bado kunasukuma, hivyo panapasukia hapo. Shusha nyuzi 10 hadi 20, uongeze dakika. Chombo kijazwe theluthi mbili, si zaidi.

---

#7 FundiJoto

Hapo kwenye joto naomba niweke mkazo. Kitasa cha oveni ya nyumbani mara nyingi hakisemi kweli, na tofauti ya nyuzi 20 ni jambo la kawaida. Kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ni kifaa rahisi kinachomaliza ubishi mwingi. Oveni yenye feni ipunguziwe nyuzi 20 kutoka kwenye maelekezo ya oveni ya kawaida. Washa dakika 15 hadi 20 kabla, hata kama taa imeshazimika mapema, kwa sababu hewa hupata moto haraka kuliko kuta, na mlango ukifunguliwa hewa yote ile inatoka.

Keki ikae rafu ya katikati. Pai na mikate bapa rafu ya chini, ili chini kuive. Chombo cheusi huunguza pembeni upesi kuliko cheupe. Cha kioo kinachelewa kupata moto kisha kinaushikilia, kwa hiyo shusha nyuzi 10 hadi 15.

---

#8 Siagi_Baridi

Nichukue mchanganyiko wa pili, wa kufikicha. Huku sheria ya Mama Siagi inageuka: siagi iwe baridi kabisa, kutoka kwenye friji.

Skonzi (za beking pauda, si zile za hamira), kama 8: unga gramu 250, beking pauda vijiko vya chai 3, chumvi ¼, siagi baridi gramu 60 iliyokatwa vipande vidogo, sukari gramu 30, maziwa baridi mililita 140 hadi 150. Fikicha siagi na unga kwa ncha za vidole hadi ipatikane chenga kama ya mkate uliosagwa, huku vipande vichache vya ukubwa wa dengu vikibaki. Viache hivyo. Vikiyeyuka ndani ya oveni, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kutenganisha tabaka.

Mimina maziwa yote kwa mara moja, changanya kwa kisu, kusanya kwa mkono bila kukanda. Donge liwe la kunata kidogo. Likiwa kavu na zuri kushika, skonzi zitakuwa ngumu. Bonyeza kwa viganja hadi unene wa sentimita 2½. Wengi husukuma hadi sentimita 1, halafu wanauliza kwa nini hazikupanda. Kata kwa kushuka moja kwa moja bila kuzungusha, maana kuzungusha huziba kingo na skonzi hupanda upande. Paka yai juu tu, lisichuruzike pembeni. Nyuzi 220, dakika 12 hadi 15.

Za chumvi: toa sukari, siagi ishuke hadi gramu 50, jibini gramu 100 (bakiza kidogo ya kunyunyiza juu), pilipili manga, unga wa haradali kijiko cha chai ½. Haradali haionekani sana mdomoni, ila inaiamsha jibini.

Gamba la pai: unga 200, siagi 100, chumvi ¼, maji ya barafu vijiko vikubwa 3 au 4. Lipumzike kwenye friji dakika 30 baada ya kusukumwa na kuwekwa kwenye chombo, la sivyo litasinyaa na kushuka kingo. La tamu: ongeza sukari laini gramu 30, na kiini cha yai badala ya kijiko kimoja cha maji.

---

#9 Jikoni_Kimya

Pai ya mayai na mboga inaloana chini kila mara. Gamba linakuwa bichi hata kama juu pameungua. Tatizo ni gamba au mboga?

---

#10 Siagi_Baridi

Vyote viwili, ndugu.

Gamba lioke kwanza peke yake. Litoboe kwa uma, funika kwa karatasi ya kuokea, jaza maharage makavu, nyuzi 190 dakika 15. Ondoa maharage na karatasi, rudisha dakika 8 hadi 10 hadi likauke na kupata rangi hafifu. Likiwa bado moto, paka ute wa yai kote, rudisha dakika 2. Ule ute unaziba matobo.

Kuhusu mboga: hakuna mboga mbichi yenye maji inayopaswa kuingia kwenye yai. Spinachi ichemshwe kidogo na kukamuliwa kwa mikono hadi lisitoke tone. Uyoga ukaangwe hadi maji yake yakauke kwenye kikaango na uanze kupata rangi. Nyanya zitolewe mbegu, zinyunyizwe chumvi, zichujwe dakika 20. Kitunguu kikaangwe polepole hadi kilainike. Hii inahusu pia vikeki vya chumvi vya #1: karoti au mung'unye uliokwaruzwa ukamuliwe kwanza, usizidi gramu 150 kwa kipimo kile.

Yai lenyewe: mayai 3 kwa maziwa yenye mafuta au krimu mililita 280, nyuzi 165, dakika 30 hadi 35. Itoe wakati katikati bado kunatikisika kidogo. Ikipikwa hadi iwe ngumu kote, yai linajikamua na kuachia maji, nawe utadhani ni mboga.

---

#11 Mkate_wa_Jioni

Hamira bado haijaguswa, basi niingie.

Mkate mmoja wa chombo cha sentimita 23 kwa 13: unga gramu 500, hamira ya chenga ya kuchanganya moja kwa moja gramu 7, chumvi gramu 10, maji vuguvugu mililita 320, mafuta vijiko vikubwa 2. Kanda dakika 10 hadi unga uvutike ukiwa mwembamba bila kukatika. Funika, uumuke hadi ufike mara mbili, saa 1 hadi 1½ kutegemea joto la jikoni. Utoe hewa, uviringe, uweke kwenye chombo, uumuke tena dakika 30 hadi 45. Nyuzi 220 dakika 10, kisha nyuzi 200 dakika 20 hadi 25. Ukigonga chini utoe sauti ya uwazi. Mwenye kipimajoto cha kuchoma atafute nyuzi 93 hadi 96 katikati.

Maji yawe nyuzi 35 hadi 40, yaani ukitia kidole husikii moto wala baridi. Kuanzia nyuzi 55 hivi hamira huanza kufa, na hakuna kusubiri kutakakoirudisha. Maji baridi hayaiui, yanaichelewesha tu.

Unga kunata mwanzoni si kosa. Anayeongeza unga kila unaponata huishia na mkate mkavu unaovunjika. Usiguse mfuko wa unga. Acha mchanganyiko ukae dakika 15 bila kukandwa, ule unyonye maji, kisha kanda. Utashangaa namna ulivyobadilika.

Kujua kama umeumuka vya kutosha mara ya pili, bonyeza kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kubaki nusu, uingie oveni. Lisiporudi, umezidi, na ukiuoka utabonyea. Huo utoe hewa, uviringe upya, uanze tena mwumuko wa pili.

Upande wa sukari: sukari gramu 70, siagi 60, yai 1, maziwa mililita 240 badala ya maji, chumvi gramu 7. Hamira ipande hadi gramu 10, kwa sababu sukari ikizidi takriban asilimia 10 ya uzito wa unga inainyang'anya hamira maji na kuizubaisha. Siagi itie baada ya kukanda dakika 5. Oka nyuzi 180 tu, maana unga huu unashika rangi mapema.

---

#12 Chai_Saa_Kumi

Chumvi haiui hamira? Wengi wanaonya zisigusane.

---

#13 Mkate_wa_Jioni

Zikilundikwa pamoja kwenye maji kidogo na kuachwa, hamira inaumia. Ndani ya gramu 500 za unga, zikichanganywa mara moja, hakuna madhara. Usiitoe chumvi kwa woga huo: bila chumvi mkate huumuka ovyo, unakuwa dhaifu na hauna ladha.

Kwa asiyependa kukanda, mkate bapa: unga 500, maji mililita 390, hamira gramu 3, chumvi 10, mafuta vijiko vikubwa 2. Changanya kwa mwiko, funika, kunja pande nne kuelekea katikati kila baada ya dakika 30, mara tatu, halafu weka kwenye friji saa 12 hadi 18. Mimina kwenye trei iliyopakwa mafuta mengi, uumuke hadi ujae vipovu (saa 2 hivi), bonyeza vidole hadi chini, nyunyiza chumvi ya chenga na rozmari au vitunguu. Nyuzi 220, dakika 20 hadi 25. Muda mrefu wa baridi ndio unaoleta ladha, na ndio maana hamira ni ndogo.

---

#14 Kijiko_cha_Mbao

Na wasio na oveni? Sufuria inawezekana kwa haya yote?

---

#15 FundiJoto

Kwa mengi, ndiyo. Chukua sufuria nzito yenye mfuniko unaokaa vizuri, isiyo na utando wa kuzuia kugandisha, kwani utando huo huharibika sufuria ikipashwa tupu kwa moto mkali. Weka kigoda cha chuma cha sentimita 2 hadi 3 ndani ili chombo kisiguse chini. Pasha ikiwa imefunikwa dakika 10 hadi 15 kwa moto wa kati, weka chombo, acha nafasi ya sentimita 2 pande zote hewa izunguke, kisha shusha moto. Ongeza dakika 10 hadi 15 kwenye muda wa oveni.

Kuna kasoro mbili. Ya kwanza ni mvuke unaodondoka juu ya keki: fungia kitambaa safi kwenye mfuniko upande wa ndani, ncha zake zifungwe juu mbali na moto. Ya pili, juu hapapati rangi kwa kuwa moto unatoka chini pekee. Ukitumia makaa, weka theluthi moja chini na theluthi mbili juu ya mfuniko (bila kitambaa hapo), na fanyia nje au penye hewa ya kutosha, maana gesi ya makaa inaua.

Keki, vikeki na mkate wa hamira vinatoka vizuri. Skonzi na magamba ya pai vinahitaji moto mkali na mkavu, kwa sufuria havipendezi. Mkate bapa ugeuze kwenye kikaango kizito, dakika 6 au 7 kila upande, umefunikwa.

---

#16 Jikoni_Kimya

Shukrani wote. La mwisho: kuhifadhi. Mkate kwenye friji unakauka baada ya siku moja tu.

---

#17 Mkate_wa_Jioni

Ni kweli, usiuweke huko. Kwenye baridi ya friji wanga wa mkate hujikaza haraka kuliko ukiwa mezani, hata kama maji hayajatoka. Siku 2 au 3 mezani ndani ya kitambaa au mfuko wa karatasi. Unaobaki ukate vipande, ufunge vizuri, ugandishe kabisa. Kipande kinaingia kwenye moto moja kwa moja bila kungoja kiyeyuke. Mkate uliokauka ukipashwa nyuzi 160 kwa dakika 8, umenyunyizwa maji kidogo juu, unalainika tena, ila ule siku hiyohiyo.

Vya jibini, mayai na mboga ndivyo vya friji, siku 3. Na chochote kinachotoka kwenye oveni kipoe juu ya waya: keki ikae ndani ya chombo dakika 10 kwanza ishikane, mkate utolewe mara moja. Usiukate kabla ya saa 1 kupita, la sivyo katikati patakuwa na utelezi hata kama uliiva.

---

#18 Mama Siagi

Keki ya siagi ifungwe ikiwa imepoa kabisa, si vuguvugu, maana mvuke ukibaki ndani juu panakuwa na unyevunyevu wa kunata na ukungu huja mapema. Inakaa siku 3 hadi 4 mezani, na siku ya pili huwa tamu zaidi.